Faini ya Nakala Moja

Masanduku sita yalifika asubuhi kwa mkokoteni, na kufikia adhuhuri cherehani ilikuwa imeshahamia kwenye korido. Hakuna aliyeifukuza. Ilisogezwa kidogo ili sanduku la kwanza lipite, ikasogezwa tena kwa ajili ya la pili, na kwa adabu hiyohiyo ya kusogezana ikajikuta nje ya mlango, jirani na ndoo na fagio. Chumba cha kushonea kikawa ghala la fasihi.

Mwenye masanduku alikuwa fundi bomba mstaafu. Kwa miaka thelathini na moja mtaa mzima ulimwita Fundi. Tangu masanduku yafike ulimwita Mwandishi, kwa sauti ileile watu wanayomwitia mtoto "bwana mkubwa" akivaa viatu vya baba yake. Yeye aliitika bila kusita. Kitabu chake kiliitwa *Maji Hayana Adabu*, kurasa mia moja na kumi na mbili, nacho kilifundisha kubadili washa, ule mpira mdogo wa ndani ya koki, kuzibua sinki na kuziba kiungio kinachovuja, na kati ya somo moja na jingine kulikuwa na visa vya nyumba alizowahi kuingia na spana yake. Alikiandika mwenyewe, akakisahihisha mwenyewe, na kwa sehemu nono ya kiinua mgongo chake akakichapisha mwenyewe. Kitabu chenyewe hakikuwa na mgongo wa kuinuliwa. Kilibanwa pini mbili katikati, kama daftari la shule.

"Baba," mkewe alisema siku ya tisa, akilitafuta tundu la sindano kwenye giza la korido, "hao wageni wako wanaondoka lini?"

"Wageni gani?"

"Hao mia tatu."

"Vitabu havikai, Mama. Vinatembea. Wewe subiri tu."

"Vinatembea kwa miguu ipi? Mimi naviona vimelala. Tena vimelala chumbani kwangu, penye dirisha, na mimi nashona sare za watu huku kama popo." Uzi ulikosa tundu kwa mara ya nne. Akaushusha mkono. "Nimeongea na muuza karanga wa kona. Amekipapasa kile ulichompa shemeji yako. Anasema karatasi yako ni nzuri sana, mafuta hayapiti."

Fundi alisimama. Alikuwa mtu mrefu, na kila alipotaka kuonyesha kwamba ameumia alisimama, ili maumivu yaonekane kwa urefu wake wote.

"Unataka watu walie karanga kwenye kazi yangu?"

"Nataka dirisha langu. Sikiliza, nikwambie. Ile maktaba kubwa. Miaka sita ulitoka kazini ukaingia shule ya jioni, ukatoka shule ukaingia maktaba mpaka wazime taa. Nani alibaki hapa na mtoto na nguo za watu? Maktaba ile haikula jioni zako peke yako, ilikula na zangu. Basi ilipe. Ikipokea kitabu chako, hata kimoja, masanduku yatakaa, na kila Jumamosi nitayafuta vumbi bila neno. Isipopokea, siku ya mwisho wa mwezi muuza karanga anakuja na mkokoteni."

"Bila neno?" Fundi aliuliza. Katika yote aliyoyasikia, hilo tu ndilo lililomtia shaka.

"Neno mojamoja," mkewe alikubali.

*

Fundi aliingia maktaba na koti lake la harusi za watu, kitabu kimoja ndani ya bahasha. Hakwenda kuomba. Alikwenda kutoa, na mtoaji huwa na mwendo wake. Aliipita rafu aliyojifunzia desimali, akaipita meza aliyowahi kusinzia juu yake mpaka wino ukamchora shavuni, akaipita pia ndoo nyekundu iliyokaa katikati ya chumba cha kusomea. Juu ya ndoo ile bomba lilidondosha tone, likapumzika, likadondosha jingine. Fundi alipunguza mwendo kama daktari anayesikia kikohozi barabarani, lakini akajikaza akaendelea.

Mkutubi mkuu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kamba na mhuri wa mpira aliouweka karibu na mkono wa kulia, mahali ambapo wengine huweka kikombe cha chai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Nimewaletea zawadi."

"Zawadi," mkutubi alirudia, kama mtu aliyeambiwa kuna nyoka chini ya kiti. Akakitoa kitabu kwenye bahasha kwa vidole viwili, akakigeuza ubavu. "Mgongo wake uko wapi?"

"Mgongo?"

"Pale panapoandikwa jina. Kikisimama kwenye rafu, msomaji atakitambuaje?"

"Atakivuta akitazame."

"Mzee wangu, hapa watu hawavutivuti ovyo. Namba yake?"

"Iko nyuma, chini ya picha."

"Hiyo ni namba yako ya simu. Nauliza ya kitabu, ile wanayopewa vitabu vyote duniani. Mchapishaji ni nani?"

"Mimi."

"Mhariri?"

"Mimi. Na binti yangu alisoma kurasa za mwanzo, kabla hajapata kazi."

"Msambazaji?"

Fundi alifikiri. Hakupenda kusema uongo mahali alipojifunzia kusoma. "Mkokoteni," akasema.

Mkutubi alivua miwani, ikaning'inia kifuani. Alimweleza polepole, kwa huruma ya kazini. Maktaba hununua kwa wasambazaji walioidhinishwa. Kitabu kisicho na msambazaji hupelekwa mbele ya kamati ya uteuzi, ambayo hukutana mara moja kwa mwaka.

"Lini?"

"Imekutana Jumanne iliyopita."

"Lakini mimi siuzi. Natoa bure."

"Za bure zina kamati yake, mzee. Kamati ya zawadi."

"Inakutana lini?"

"Bado haijaundwa."

Tone likaanguka kwenye ndoo. Fundi hakuweza tena.

"Mama, ile ndoo ina muda gani pale?"

"Ndoo ipi?" Akafuata kidole cha Fundi. "Ahaa. Mwaka wa pili huu. Zabuni imeshatangazwa."

"Zabuni ya nini? Kile ni kiungio cha nusu inchi, tepu ya kwenye nyuzi za bomba imekwisha. Kazi ya dakika kumi. Imo humu, ukurasa wa arobaini na saba."

"Bomba la umma haliguswi bila zabuni," mkutubi alisema, akamrudishia kitabu. Ili asiondoke mikono mitupu, akampa na kijitabu: *Mwongozo kwa Waandishi Wanaojichapishia*. Fundi aliusoma wote akiwa amesimama kwenye ngazi za nje. Ulimshukuru kwa moyo wake wa kupenda vitabu, ukamtakia kila la heri. Ulikuwa umebanwa pini mbili, na mgongo haukuwa nao.

*

Binti yao alikuwa karani katika duka la fotokopi, na kwa kuwa alishinda siku nzima akizalisha karatasi, hakuziheshimu hata kidogo.

"Baba, kitabu siku hizi hakihitaji rafu," alisema Jumapili, tableti yake ya zamani juu ya meza ya chakula. "Tunakipandisha mtandaoni. Iko kampuni inakichukua na kukisambaza kwenye maduka yote ya mtandaoni, hata kwenye maktaba za mtandaoni. Mtu anakisoma kwa simu."

"Kamati?"

"Hakuna kamati. Kuna fomu tu."

Fomu ilikataa mara tatu. Mara ya kwanza ilisema picha ya jalada ni ndogo. Mara ya pili ilisema jina la jaladani halifanani na la kwenye fomu, kwa sababu jaladani aliandika "Fundi" na fomu ilimtaka na la babu yake. Mara ya tatu ilinyamaza kabisa, wakaja kugundua kwamba ni umeme umekatika. Ilipokubali, binti alimwonyesha baba yake kitabu chake kikiwaka kwenye kioo, akaweka vidole viwili juu ya maneno akavitanua, na herufi zikavimba kama maandazi.

"Unafanya nini?" Fundi alimshika mkono. "Nilipanga mistari ile kwa wiki tatu!"

"Nakuza tu. Msomaji anachagua ukubwa anaotaka."

"Kwa hiyo ukurasa wa arobaini na saba unakuwa wa ngapi?"

"Inategemea macho ya mtu, Baba."

Fundi aliketi. Miaka yote aliamini kwamba ukurasa ni kama ukuta, ukishajengwa umejengwa. Kumbe ni pazia.

"Na maktaba yetu? Inacho sasa?"

Binti alibofya mara mbili tatu, akasoma. "Kipo kwenye orodha wanayopelekewa. Hapa wameandika: kinasubiri kuchaguliwa na mkutubi."

"Mkutubi yupi?"

"Wa palepale, Baba. Maktaba kubwa."

Baada ya wiki mbili kampuni ilituma taarifa yake ya kwanza. Wasomaji: mmoja. Mtu mwingine angeingia ndani akajifungia. Fundi alitoka nje. Alimweleza kinyozi, akamweleza muuza mkaa, kwamba ana msomaji wa mtandaoni. Siku ya pili msomaji huyo alikuwa yuko ng'ambo, siku ya tatu akawa mhandisi. Mkewe aliyasikia yote akiwa kwenye korido, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi hakusema neno hata mojamoja.

*

Zilipobaki siku tisa mwezi uishe, Fundi alikichomeka kitabu kiunoni, chini ya shati, akakaza mkanda, akaenda maktaba na tumbo lenye pembe nne. Mlinzi wa mlangoni hupekua wanaotoka. Kumkamata mtu anayeingiza kitabu hakuna mlinzi aliyefundishwa. Hata hivyo jasho lilimtiririka, na alipomsalimia mlinzi alijikuta anasema "samahani".

Kwenye rafu ya ufundi alitazama kushoto, akatazama kulia, akamchomoa mwanawe tumboni. Alimweka kati ya kitabu kinene cha mabwawa na kitabu kinene zaidi cha injini za dizeli, na pale katikati akapotea kabisa, maana mgongo hakuwa nao. Fundi alimvuta mbele kidogo, kama mzazi anayemsogeza mtoto kwenye picha ya darasa. Kisha akaondoka haraka, bila kukimbia, kwa mwendo unaotambulika na kila polisi.

Alirudi baada ya siku tatu. Mabwawa yalikuwepo. Dizeli ilikuwepo. Kati yao hapakuwa na kitu hata ukivutavuta. Aliangalia chini ya rafu, akaangalia hata kwenye kapu la taka lililokuwa mlangoni. Hakuona pia kwamba ndoo nyekundu haipo mahali pake. Mtu akiibiwa alichokiingiza kwa wizi, macho yake hayana nafasi ya ndoo.

Nyumbani alianza kuyasogeza masanduku karibu na mlango, moja baada ya jingine. Mkewe alimtazama kutoka kwenye korido, mguu wake ukasimama juu ya kanyagio la cherehani.

"Bado siku sita," alimwambia.

"Ni heri nizoee," Fundi alijibu, akaketi juu ya sanduku la nne.

*

Simu ya maktaba ilikuja zikiwa zimebaki siku mbili. Mkutubi hakueleza, alisema tu afike, tena afike leo.

Alikuta watu wawili. Mkutubi alikuwa amekaa, na mbele ya meza yake alisimama mtunza jengo, mwanamume mnene wa kimyakimya mwenye funguo nyingi kiunoni. Mezani palikuwa na kitu kilichovimba kama mkate uliodondoka kwenye chai.

"Mzee, huyu bwana ni mtunza jengo letu," mkutubi alianza. "Ameharibu kitabu cha maktaba."

"Pole. Kitabu gani?"

"Chako."

Fundi alikishika kiti kwa nyuma.

"Shikamoo, mzee," mtunza jengo alisema. "Nilikikuta kwenye rafu ya ufundi. Nikasema ngoja nisome, mbona hiki kinaongea kama watu. Nikafika ukurasa wa arobaini na saba, nikaona hili ni bomba letu lenyewe. Nikapanda ngazi nacho, nikafungua kiungio kama ulivyosema. Sasa pale ulipoandika 'funga kwanza koki kuu', mzee wangu, nilipasoma baadaye."

"Pameandikwa wazi!" Fundi alisema kwa uchungu.

"Wazi kabisa. Lakini pako chini kabisa ya ukurasa wa arobaini na sita. Arobaini na saba inaanza na kufungua."

Kwa mwezi mzima na zaidi Fundi alikuwa akimsubiri mhakiki. Hakutegemea kwamba angekuwa mtu aliyeloweshwa na kitabu chenyewe mpaka soksi.

"Lakini limeacha kuvuja?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Limeacha."

Wote watatu walitazama juu. Bomba lilikuwa kavu. Mkutubi ndiye aliyekuwa wa kwanza kushusha macho, kwa kuwa zabuni ilikuwa bado imetangazwa na yeye hakutakiwa kuwa ameona.

"Shida yangu ni hii," alisema. "Bwana huyu ni mkweli kupita kiasi. Alikwenda mwenyewe kuandika kwenye daftari la matukio: 'Nimelowanisha kitabu cha maktaba, *Maji Hayana Adabu*.' Daftari lile kurasa zake zina namba, halichanwi, na wakaguzi hulisoma. Nami nikatafuta kitabu hicho kwenye orodha ili nijaze fomu ya uharibifu. Hakipo. Nisipokijazia fomu nimeficha uharibifu. Nikikijazia, fomu inataka namba ya kitabu." Alikinyooshea kidole kile kilichovimba. "Imenibidi nikipe namba, mzee."

"Kwa hiyo kiko kwenye orodha?"

"Orodha ya vilivyoharibika."

"Lakini ili kiharibike…"

"Ndiyo, mzee. Lazima kwanza kiwepo. Nani alikiingiza humu?"

"Mimi."

Mkutubi alifungua kitabu cha kanuni, akapitisha kidole toka juu mpaka chini, akafungua ukurasa wa pili. "Kutoa bila ruhusa, ipo. Kuingiza…" Akakifunga. "Hakuna aliyewahi kufikiria. Basi tubaki na uharibifu. Kanuni ya tisa: aliyeharibu atalipa nakala nyingine ya kitabu hichohicho."

"Nimezunguka maduka manne, mzee," mtunza jengo alisema. "Hakuna muuzaji hata mmoja anayekijua."

Lilikuwa jeraha, lakini Fundi alikuwa na dawa yake mkobani. Tangu masanduku yafike hakuwahi kutoka nyumbani bila nakala moja. Aliitoa, akaiweka mezani mbele ya mkutubi, akalilainisha jalada kwa kiganja.

"Zawadi sipokei," mkutubi alisema haraka.

"Si zawadi. Ni faini ya huyu bwana."

Mkutubi alikitazama kitabu ubavuni, pale ambapo mgongo ungekuwa. Alikitazama nyuma, penye namba ya simu. Akatazama kanuni ya tisa, iliyokuwa na mstari mmoja tu na haikusema chochote kuhusu mgongo wa faini.

"Faini inapokelewa," alisema hatimaye, na mhuri ukashuka mara tatu: jaladani ndani, katikati, na mwisho. Fundi alifumba macho kila uliposhuka. Alipoyafumbua aliomba risiti.

*

"Faini?" mkewe alisema, akiisogeza risiti mbali na macho, kisha karibu. "Baba, umeshtakiwa?"

Fundi alimsimulia yote, akisimama na kuketi. Mkewe alicheka mpaka akaegemea cherehani. Alipojifuta machozi alisema ahadi ni ahadi: maktaba imepokea, muuza karanga atatumiwa salamu, na Jumamosi atatafuta kitambaa cha vumbi. Kisha akaingiza mkono chini ya rundo la sare, akaitoa tableti ya binti yao.

"Sasa kaa. Yule msomaji wako wa ng'ambo ana swali."

Fundi alitazama tableti, akamtazama mkewe.

"Mhandisi?" aliuliza, kwa tumaini lililokuwa likifa.

"Mhandisi. Nimekisoma chote, hapahapa kizani, maana hiki kinawaka chenyewe na herufi nazivuta mpaka ziwe kama sahani. Kizuri. Lile sinki la mwalimu mkuu lilinichekesha. Ila fungua ukurasa wa mia nne na tatu."

"Kina kurasa mia moja na kumi na mbili."

"Kwa macho yako. Kwa macho yangu ni mia nne na tatu." Akasoma kwa sauti, polepole, kama anayehesabu vifungo. "'Hata nyumbani kwangu maji hayakunionea haya. Mwaka wa pili wa ndoa bomba la jikoni lilipasuka. Nilikimbia nikaifunga koki kuu kwa mkono mmoja, huku mke wangu akipiga kelele juu ya kitanda.'" Akaiweka tableti mapajani. "Siku hiyo ulikuwa wapi?"

Fundi alitafuta kitu cha kutazama, akakipata kwenye fagio.

"Ulikuwa maktaba," mkewe akamjibia. "Mtoto nilikuwa naye mgongoni, maji magotini, spana umeondoka nayo. Koki nilikuwa siijui hata iliko. Niliipapasa chini ya maji, nikaifunga kwa mkasi wangu wa kukatia. Mpaka leo ncha yake imepinda, si huo hapo unaning'inia? Ulipokuja ulinikuta napiga deki, ukaniuliza kama chakula kiko tayari."

"Ule ni mtindo wa uandishi, Mama. Msomaji anataka…"

"Msomaji ndiye mimi. Kurasa zote hizo umenitaja mara moja, na hiyo mara moja napiga kelele."

Fundi hakusimama. Jioni ile aliumia akiwa ameketi, na hakutaka maumivu yaonekane.

Binti yao aliporudi kutoka kazini alisahihisha kitabu cha mtandaoni kabla chai haijapoa. Vile vya masandukuni mkewe alisema vitasahihishwa kwa kalamu, kimojakimoja, na mkosaji mwenyewe.

"Na kile cha maktaba?" mkewe akauliza.

"Kile kimeshagongwa mhuri. Hakiguswi tena."

"Hichohicho ndicho ninachokitaka. Ilikula jioni zangu, nikanyamaza. Isinilie na mkasi wangu."

*

Siku ya mwisho wa mwezi waliingia maktaba pamoja, yeye na koti lake, mkewe na kitambaa kipya cha kichwa alichojishonea. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika. Alitazama dari ndefu, akatazama meza, akatazama madirisha makubwa yaliyomwaga mwanga kila upande.

"Kumbe ndiyo maana ulikuwa hurudi," alisema. "Madirisha yote wamehamishia huku."

Mtunza jengo ndiye aliyewaletea kitabu kutoka kwenye rafu, akakitanguliza kwa mikono miwili. Mke wa Fundi aliketi penye mwanga, akafungua ukurasa wa sitini na mbili wa macho ya mumewe, akatoa kalamu kwenye kifuko. Aliandika pembeni, kwa herufi za mtu aliyezoea kuandika vipimo vya viuno vya watu: *Si kweli. Yeye alikuwa hapa maktaba. Koki niliifunga mimi, kwa mkasi.*

"Mama!" Mkutubi alikuwa ameshasimama. "Kuandika ndani ya kitabu cha maktaba ni kosa! Kanuni ya kumi na moja!"

"Adhabu yake?"

"Nakala nyingine ya kitabu hicho—" Akaishia hapo. Fundi alikuwa tayari ameiweka mezani, na jalada amelilainisha.

"Na hiki nilichoandika mnakitupa?" mke wa Fundi aliuliza.

Mkutubi hakuhitaji kufungua kanuni. "Kama bado kinasomeka, kinabaki kwenye rafu."

"Kinasomeka?"

Mkutubi alivaa miwani, akainama. Alisoma kilichochapwa, akasoma kilichoandikwa pembeni. Akarudi kukisoma kilichoandikwa pembeni mara ya pili, na safari hii alichukua muda mrefu kuliko maneno yenyewe yalivyohitaji. Alipoinua kichwa alimtazama Fundi kwa namna ambayo Fundi alihisi koti limembana.

"Kinasomeka vizuri sana, mama," alisema. Akavuta mhuri, akaigonga nakala mpya.

"Na hii mpya," mke wa Fundi alisema, akiisogeza upande wake, "nayo si ina ukurasa wa sitini na mbili?"

Ilikuwa nao. Aliufungua, akaunyoosha, akaishika kalamu. Mkutubi alimwona. Alitazama mlango, akaitazama saa ya ukutani, akatazama bomba kavu juu ya kichwa chake. Mwishowe aliketi, akakisogeza kidau cha wino karibu.

"Mzee," alisema bila kumtazama, "huko nyumbani zimebaki nakala ngapi?"

Fundi alijikohoza, lakini mkewe alikuwa ameshaanza kuandika, na alijibu bila kuinua kichwa.

"Masanduku sita, mama. Na mimi nina nafasi leo mpaka mzime taa."